Injini Isiyowahi Kuzama

Dada yangu mpendwa,

Mama hajambo kabisa, anakula na kugomba kama kawaida yake. Paka amezalia ndani ya sanduku langu la spana.

Juzi mnunuzi wa injini kuukuu za boti aliniletea moja nimwambie ni ya mwaka gani. Imepakwa rangi mpya na kibao cha namba kimeng'olewa. Wengi hawajui kwamba namba hugongwa pia kwenye kizibo kidogo cha ubavuni. Nikakwangua rangi, namba ikajitokeza. Nikafungua kifuniko. Kwa ndani kuna mikwaruzo ya msumari, mmoja kwa kila plagi iliyobadilishwa. Unajua nani alikuwa na tabia hiyo.

Baba. Na injini yake tuliambiwa ilizama naye, mumeo akaponea chupuchupu kwa kuogelea.

Dada, injini iliyozama huliwa na kutu mpaka kwenye beringi. Hii nimeifungua yote, haina hata doa.

Nilimwuliza mnunuzi kaipata wapi. "Kwa shemeji yako," akasema. "Kanisihi nisikuletee wewe, lakini nani mwingine anazijua hizi?"

Nimemjibu sijaitambua. Alhamisi anarudi huko kwenu, na mdomo wake hauna breki.

Usimwulize mumeo kitu. Mwambie mama yu mahututi, beba watoto, uje kabla ya Alhamisi. Barua hii ichome.

Na usilie njiani. Mama hajambo, nimekwisha kukuambia.

Kaka yako