Ijumaa Niliyoondoka Mlangoni

Mpendwa Mama Baraka, shoga yangu uliyerudi Nakuru bila kuniaga,

Simu zangu najua unaziona. Haya basi, naandika peupe, asome anayetaka, huenda mmoja akakufikishia. Mimi sasa niko Riyadh, nafagia ofisi za watu huko Olaya. Nimepata kafili mpya, mwajiri anayenidhamini, ana utu kidogo. Ila hasira yangu bado iko Jeddah, kwenye kile chumba chetu cha Ghulail.

Unakumbuka tulivyoishi? Wote tumetoroka makafili wetu, hakuna mwenye ikama, yaani kibali cha kukaa, sufuria moja, choo kimoja. Ijumaa wewe na wenzako Wakristo mkijifungia ndani kusali kwa kunong'ona, maana pale ibada yenu ilikuwa marufuku. Na mimi, Mwislamu wa Mombasa na buibui langu, nakaa kwenye ngazi nachambua mchele. Akija mtu, nagonga sinia mnyamaze. Kazi ile hakunipa mtu. Nilijipa mwenyewe kwa kukupenda.

Siku polisi walipopanda ngazi, niliwaambia "mafi, mafi," hamna mtu humu, nikaendelea kuchambua mchele. Wakashuka. Ukatoka ukanikumbatia, ukasema, "Aki wewe ni dadangu. Hata wa tumbo moja hangenifanyia hivi." Ramadhani ilipoingia ukanipikia futari, na wewe hufungi. Mbaazi zako za nazi zilikuwa balaa, wallahi, lakini nilizila zote.

Ndiyo Ramadhani ile Gaza ilipokuwa ikipigwa mabomu. Ummu Hani wa nyumba ya chini, yule Mpalestina aliyekuwa akitugawia mikate, akapata habari kwamba nyumba ya dada yake imewaangukia watoto. Tulikwenda pamoja kumhani. Ulimshika mkono ukalia naye, nilikuona kwa macho yangu.

Ijumaa yake niko mlangoni, nasikia sauti yako, si ya mwingine: "Bwana, wape Israeli ushindi. Wafagilie mbali adui zake wote." Loo! Na Ummu Hani yuko pale chini na msiba wake! Nikaweka sinia, nikateremka nikakaa naye mpaka mlipomaliza. Sijutii hata leo.

Jioni nilipokwambia kwa nini niliondoka mlangoni, ukanivaa. "Kwani nimekosea wapi? Nimeomba tu vile tunaombanga kanisani nyumbani."

"Na watoto wa dada yake Ummu Hani?"

"Nawahurumia, lakini wale wamama wa Israeli wanakimbiza watoto kwa mahandaki juu ya maroketi, hao si watu?"

"Ni watu, lakini..." nikakujibu na mimi.

Tukakwama hapo. Wewe lakini, mimi lakini, mpaka futari ikapoa. Kwenye runinga wataalamu husema amani imekwama kwa sababu ya mipaka, walowezi, Yerusalemu, wakimbizi kutorudi kwao, maroketi. Sibishi, wanajua wao. Mimi nimeona kizuizi kingine kwa macho yangu, chumbani kwetu: kila mtu anataka wafu wake waliliwe kwanza, ndipo afikirie wa mwenzake. Na sisi nchi yenyewe hatujawahi kuikanyaga!

Hayo ningeyameza, Mama Baraka. Hata uliponikebehi, "Si uliondoka na hakuna mtu alikuja? Mungu mwenyewe ametulinda," nililala na uchungu, nikaamka nikasema shoga ni shoga, yataisha.

Ijumaa iliyofuata nimetoka kazini na tende na maziwa, nataka tukae tufuturu, tuyamalize. Nafika, mlangoni hakuna mtu. Nikagonga. Mle ndani mkanyamaza ghafla. Nikasema, "Nifungulieni, ni mimi." Nikasikia kitanda kinaburutwa kuzuia mlango, kisha sauti yako ikiwanong'oneza wenzako:

"Shhh! Ni yule Mwislamu. Atatuchoma kwa polisi."

Hukusema Mama Zuhura, jina ulilozoea kuniita. Mimi, niliyesimama mbele ya polisi kwa ajili yako!

Ulipohama wiki ile sikukuuliza unakwenda wapi, na wewe hukusema. Waisraeli na Wapalestina huambiwa kila siku wakae mezani wazungumze. Mimi nilisimama mlangoni na maziwa mkononi, nikashindwa kujua nigonge tena niseme mimi ni nani.

Nibusie Baraka. Kwaheri.

Ni mimi,
yule Mwislamu