Barakoa Hazitakiwi Tena

Nyandimwe, Morogoro
9 Machi 2025

Ndugu yangu Severin,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama uko peke yako chumbani huko Tanga. Nianze na afya yako: goti la kushoto limetulia, au bado linakutangazia mvua kabla ya redio? Na joto la huko umelizoea? Sisi huku mlimani hatujambo. Mvua zimeanza mapema, barabara ya Mkuyuni imekatika mahali pawili, na kabichi za watu zinaozea shambani kwa kukosa gari. Eufrazia wangu ni mzima, isipokuwa ile presha yake, ambayo anasema msababishaji ni mimi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimekupigia simu mara tatu tangu Januari kwa ajili ya jambo hili hili, na mara zote tatu nikiisikia sauti yako naishia kukuuliza bei ya nazi. Mwaka huu nastaafu. Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto kuandika barua ya kirafiki, na yangu mwenyewe nimeichana mara nne. Hii ni ya tano.

Judith wako alikuja nyumbani Jumapili iliyopita baada ya misa, mtoto akiwa mgongoni. Ni wa kike, ana miezi mitano, wamempa jina la bibi yake, Bernadeta, na macho ni yale yale ya marehemu, ya mtu anayetafuta kosa kwenye daftari lako. Judith alisema ubatizo ni Pasaka, na kwamba amekuomba uje, ukamjibu utatuma vitu ila wewe mwenyewe hutafika. Alikubana kwenye simu mpaka ukataja sababu. Ukamwambia kuwa wewe ndiye uliyepanda basi na ugonjwa ukamletea mama yao, na kwamba huwezi kuingia tena katika nyumba ya ukoo wa mke uliyemuua kwa mikono yako. Judith alilia pale kwetu hadi mtoto naye akaanza. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Severin, miaka minne hii nilidhani hurudi kwa sababu ya uchungu tu. Tena nilikutetea kwa wajomba wa Bernadeta, waliokuwa wakisema mkwe wao amewasusa. Sikujua umebeba mzigo huo. Mzigo huo si wako, na anayejua kwamba si wako ni mimi peke yangu. Nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikikurupuka nitaparuka mahali panaponiuma.

Unakumbuka shule zilipofunguliwa mwaka 2020, baada ya likizo ile ndefu ya korona. Maelekezo yalikuwa yanakuja kwenye kundi la simu la walimu wakuu, na unajua kwetu mtandao unapatikana juu ya jiwe lililo nyuma ya vyoo. Basi kila asubuhi mwenzio napanda jiwe kupokea amri. Wiki ya kwanza kila mtoto avae barakoa. Wiki ya tatu, darasa la kwanza na la pili wasivae, wanazitafuna. Halafu wavae darasani na kuvua uwanjani. Halafu wavae mstarini tu. Watoto nao si wajinga. Mmoja akishakaguliwa getini anairusha barakoa yake juu ya michongoma, mdogo wake aliye nje anaidaka anaivaa. Barakoa moja ilikuwa inaingiza watoto watano. Wazazi waliniuliza kama najua ninachokitaka, nami niliwajibu kuwa mimi ni tarishi tu.

Bernadeta pekee hakuyumba. Kwa pumu yake ile, na darasa la nne lenye watoto tisini na sita kwenye chumba kimoja, aliomba vipande vya vitenge kwa mafundi wa Mkuyuni akawashonea barakoa watoto wake wote. Yake aliivaa kila siku, maelekezo yaseme hivi au vile. Alikuwa akisema maelekezo yanabadilika, mapafu yake hayabadiliki.

Januari ya 2021 ukaja waraka mpya, safari hii karatasi yenye mhuri, niliyokabidhiwa mkononi kwenye kikao mjini. Ulisema kuvaa barakoa si sharti tena kwa mwanafunzi wala mtumishi, na anayependa aendelee kuvaa. Mistari miwili, basi. Nilirudi nimechoka, nikachukua chaki, nikaandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa matangazo: BARAKOA HAZITAKIWI TENA. Kichwani mwangu nilimaanisha kwamba hazihitajiki, hakuna atakayedaiwa. Lakini hebu wewe mwenyewe ukikuta pameandikwa viatu havitakiwi, unaingia navyo? Kesho yake mstarini Mwalimu Godfrey, kijana mwenye bidii, akiwa zamu, alipita na ndoo akikusanya barakoa za watoto. Waliosita aliwatoa mbele ya wenzao. Mimi nilikuwa nimesimama kibarazani. Niliona, na nilielewa pale pale kosa liko wapi.

Neno moja lingetosha kurekebisha. Lakini asubuhi hiyo hiyo mkaguzi mmoja alipita, akaona nyuso za watoto zote ziko wazi, akasema shule nyingine bado zinababaisha ila sisi tumetekeleza vizuri. Nikavimba kichwa. Kuufuta ubao baada ya sifa ile kungekuwa kukiri kwamba mwalimu mzima ameshindwa sentensi ya maneno matatu. Nikauacha.

Sasa nafika mahali penyewe. Siku ya mazishi nilisimama mbele yako nikasema marehemu alikuwa mtii, aliposoma tangazo aliacha barakoa kwa hiari yake. Ulinishika mkono ukanishukuru kwa maneno yale. Yalikuwa uongo.

Bernadeta alikuja ofisini siku ya pili baada ya ndoo ya Godfrey, kitenge chake kikiwa usoni. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, neno halikuweza kumpita. Aliniuliza kama tangazo langu lina maana ya si lazima au ya marufuku, akaomba auone waraka wenyewe. Waraka ulikuwa kwenye droo, umegusana na magoti yangu. Nilimwambia nyaraka za wilayani si za kila mtu kusoma. Nikaongeza, mbele ya Godfrey na Mwalimu Paskalia, kwamba watoto wamekwisha vua na yeye peke yake ndiye anayetaka kutuharibia sifa, na kwamba mtu akishavuka hamsini hafundishwi adabu na mkubwa wake. Wale wawili walicheka. Yeye akaivua, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akasema sawa, Mwalimu Mkuu. Miaka yote tangu chuoni, Severin, alikuwa akiniita Agustino.

Machi watoto wa darasa lake wakaanza kukohoa, kwanza mmoja mmoja, kisha dawati zima. Jumatano ya Wiki Takatifu, saa nne asubuhi, alikuja kuomba ruhusa. Alikuwa na homa, anapumua huku ameshika mlango, na alisema hasikii harufu yoyote, hata ya vitunguu vilivyokuwa vinakaangwa nyuma ya ofisi. Akaniomba jambo moja: nisikwambie, kwa kuwa umeshakata tiketi ya kuja Pasaka kutoka kazini kwako Tanga, na ukisikia utasafiri na wasiwasi. Nikaahidi.

Wewe ulifika Ijumaa Kuu jioni ukikohoa vumbi la safari. Yeye alijikaza akakupokea kwa kicheko. Jumamosi alishindwa kuinuka, na wewe ukajumlisha kikohozi chako na kitanda chake, ukapata jibu ulilolibeba mpaka leo. Jibu hilo si sahihi. Alikuwa anaumwa tangu Jumatano. Hukumletea, Severin. Alikuwa nao siku mbili kabla hujakanyaga stendi ya Msamvu.

Ahadi yangu kwake iliisha siku alipofariki. Ningeweza kukwambia hospitalini, au makaburini, au siku ya kuanua matanga. Sikusema kwa sababu ungeuliza swali la pili: kama si mimi, aliupata wapi? Na swali hilo lingeingia ofisini kwangu. Nikajificha nyuma ya maneno ya wakati ule, mara nimonia, mara changamoto ya upumuaji. Nilijiambia ulikuwa ugonjwa wa dunia nzima, labda angeupata sokoni au kanisani hata kama angevaa vitenge kumi. Huenda. Sitajua mpaka nakufa. Ninachojua ni kwamba alikuwa na kinga yake, akaniuliza swali la Kiswahili, nami nikamjibu kwa cheo. Katikati ya mwaka ule ule barakoa zikarudi. Nikaandika ubaoni kwamba zinatakiwa, na hakuna mwalimu aliyeniuliza maana yake.

Sikuombi msamaha kwa barua. Lile la Januari naweza kuliita ujinga na kiburi, lakini kukunyamazia miaka minne huku nikikutumia salamu za Krismasi, sina neno la kupunguza makali yake. Naona aibu, ndugu yangu.

Judith sijamwambia, maana wa kusikia kwanza ni wewe. Ukitaka kumweleza mwenyewe, mweleze. Ukitaka nimweleze mimi, nitakwenda siku hiyo hiyo. Aliniomba niwe baba wa ubatizo wa mtoto. Nilimwambia atafute mwingine, akadhani ni unyenyekevu. Chumba chenu anakifagia kila Jumamosi, na wajomba wamesema mkwe wao ana mahali pake hapa siku zote, hata kama nyumba ni ya ukoo wa marehemu. Ubatizo utakuwa misa ya pili. Kama hutaki kuniona, mimi nitasali ya kwanza na kuondoka mapema.

Eufrazia anakusalimu, hajui nilichoandika, leo jioni nitamsomea. Wajomba wote wanakusalimu. Godfrey anakusalimu, siku hizi ana watoto wawili na amepunguza haraka. Yeremia, mume wa Judith, anasema usibebe nguo, ubebe mwili wako tu. Mjukuu wako bado hajui kusalimu mtu.

Usihangaike kunijibu mimi. Mjibu Judith.

Ni mimi,
Agustino Mkude