Rehema Anakuja Kurina Asali Yetu

Dodoma, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na shangazi tu wazima. Je, mguu ulioteguka uliposhuka mtini umepona? Na kifua cha Mama?

Nakuandikia barua kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu. Rehema, binti wa shangazi, nalala naye chumba kimoja na masikio yake hayapumziki.

Chuo kikuu cha huku huchukua vijana wa mjini kufanya kazi wakati wa likizo. Sote wawili tumepata. Mimi nimepangwa maktaba, nafuta vumbi na kurudisha vitabu kwenye rafu. Rehema yuko maabara, wanapima asali. Kavaa koti jeupe. Baba, naona wivu mpaka chakula hakipiti.

Sasa sikia kosa langu. Fomu iliuliza umewahi kufanya kazi gani. Mimi niliyekushikia kienge cha moshi wa kufukuzia nyuki tangu darasa la tatu, niliandika "sijawahi". Niliogopa wenzangu watanicheka kwamba nimetoka porini. Rehema, aliyekuja kwetu likizo moja tu, nyuki mmoja akamuuma sikio akakimbia mpaka barabarani bila kandambili, yeye akaandika kwamba amerina asali na mjomba wake.

Juzi nilipeleka vitabu maabara nikamkuta anasimulia.

"Mjomba wangu hupiga mluzi kwanza, ndipo anapanda!"

Mluzi huo wewe ulinifundisha mimi! Mwalimu wao, mama mmoja mpole, akanigeukia. "Na wewe binti, unayajua haya?"

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Mimi ni wa vitabu."

Ulimi ulinitangulia, Baba. Rehema aliniangalia tu, hakunisema, na hilo likaniudhi zaidi.

Mwezi ujao mwalimu anakuja Tabora kuona mizinga yako, na anakuja na Rehema. Rehema atafika kwetu Ng'ambo, atakula ugali wa Mama, na mimi niko huku nafuta vumbi. Tena kanunua manukato ya safari. Unajua nyuki wetu wanavyochukia harufu. Siku ya tatu leo nayanusa na sijamwambia. Mwambie wewe, mimi mdomo haufunguki. Aoge kwa maji matupu kabla hamjaingia msituni. Mpokee vizuri, ni mtoto wa dada yako. Lakini sega la kwanza, lile la mshika kienge, usimpe!

Nisalimie Mama, Bibi, mdogo wangu Hamisi, na fundi cherehani jirani yetu, mwambie gauni lake bado linanitosha.

Jambo moja tu, Baba. Ile picha yangu nikiwa chini ya mzinga, nimeshika kienge na uso umejaa masizi, bado iko ukutani sebuleni? Mwalimu akiketi pale ataiona, na atauliza huyu ni nani. Nimeona aibu tangu juzi kwa kuwaza hilo.

Usiitoe.

Mshika kienge wako,
Zaituni