Mjomba Mhina, Mtumbwi Wako Haukupasuka

Mpendwa Mjomba,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Habari zako za mwisho tulizipata kwa dereva wa lori aliyesimama Mombo kula chakula, akasema aliwahi kumwona mzee Mzigua huko Kilombero, anachonga mitumbwi na hapendi maneno mengi. Mama alimuuliza, "Anachechemea mguu wa kushoto?" Dereva akajibu kwamba hakumtazama miguu. Basi tukabaki na hilo tu. Ndiyo maana nakuandikia barua ya wazi, aisome yeyote, nikiamini kwamba mmoja kati ya watakaoisoma atakuwa jirani yako na atakuja kukusomea.

Ni mimi Zaina, mtoto wa dada yako. Yule uliyekuwa ukimwita Kipande kwa sababu ya ufupi wangu. Sasa nina miaka arobaini na mitatu na watoto watatu, na urefu wangu ni uleule.

Nakukumbuka ukiwa umeinama ndani ya gogo, jasho linakudondoka puani, tezo inakwenda tak, tak, tak. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzoa vibanzi vya mti na kumpelekea Mama akawashie moto. Halafu ukanipa kazi nyingine. Ulinipa kisu na vipande vya mpingo, ukaniambia nikukatie vijiti, vyote viwe na urefu wa kidole gumba chako kutoka ncha hadi fundo la kwanza. Nilikuwa nakishika kidole chako na kukipima kila mara, na wewe ulikuwa unaniachia bila kuchoka. Kisha ulitoboa matundu madogo kwa nje ya gogo, ukavigongomea vile vijiti mpaka vikazama. Ukiwa unachonga kwa ndani, ukikutana na doa jeusi la mpingo, unaacha hapo hapo. "Kijiti kikinichungulia, nimefika," ulikuwa ukisema. "Nikiendelea nimeharibu." Mimi nilidhani ni mchezo wetu wa mjomba na mpwa. Sikujua kwamba unanifundisha kazi.

Kuna jambo lazima nilitaje, Mjomba, hata kama linaniuma kuliandika. Mwaka ule mvua zilipokaribia, Mzee Athumani alikuomba mtumbwi wa haraka. Ukamaliza kazi kwa muda mfupi kuliko kawaida yako. Wiki ya pili tu, Mzee Athumani alikuwa anatoka Korogwe na mabati ya kuezekea nyumba yake, akavuka mto peke yake, na hakufika. Mwili wake uliokotwa siku iliyofuata, mbali kule mto unakoelekea. Mtumbwi haukuonekana. Watu wakasema umepasuka katikati ya maji kwa sababu wewe uliuchonga mwembamba, ulikimbilia kumaliza.

Ulipoitwa kwenye mkutano pale shuleni, ulisema sentensi moja: "Mtumbwi wangu haukupasuka." Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia mimi, kwa kuwa kila mtu alijua nashinda na wewe. Akaniuliza, "Wewe mtoto, mjomba wako alikuwa na haraka au hakuwa na haraka?" Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Bi Tatu, mke wa marehemu, alikuwa amekaa mbele yangu na kanga ya msiba. Nikajibu, "Alikuwa na haraka."

Ilikuwa kweli. Lakini sikusema kwamba siku zile ulikuwa unaanza kazi mara tu baada ya swala ya alfajiri na unakula ukiwa umesimama. Sikusema kwamba vijiti nilivikata vyote, na kwamba hukuruka hata kimoja. Ulinitazama, wala hukukasirika, na hilo ndilo lililonitesa. Asubuhi ya tatu ulimuaga Mama, ukaweka tezo kwenye mfuko wa katani na kuondoka. Mimi nilijifanya nimelala.

Baada ya wewe kuondoka lilijengwa daraja la miti na waya, na watu wakasahau mitumbwi. Mafundi wawili waliobaki walizeeka na kufariki. Mimi niliolewa Chanika ya Handeni, nikajifunza cherehani, nikawa nashona sare za shule. Maisha yalikwenda. Mpaka mvua za mwaka jana zilipokuja na mto wetu Ruvu, ambao wengine huuita Pangani, ukalibeba lile daraja lote, nguzo na waya wake, kama mtu anavyobeba kitanda.

Unaijua hali ya kwetu. Sisi tuko upande wa Handeni, mashamba ya mpunga na sekondari viko ng'ambo. Kuzunguka kwa bodaboda mpaka kwenye daraja kubwa la Korogwe ni nusu siku kwenda na kurudi, na barabara ikilowa hata bodaboda wanakataa. Nilikuja kumwona Mama nikakuta wanawake wamesimama ukingoni wanautazama mpunga wao ukiliwa na ndege, umbali ambao ukipiga kelele ndege wanasikia lakini hawaondoki. Wasichana wawili wa kidato cha nne walikuwa wamekaa nyumbani wiki ya tatu. Mmoja aliniambia, "Shangazi, mwalimu anafundisha, na sisi kengele tunaisikia."

Nikabaki, tukaanzisha kikundi, wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne. Tukakiita Tuvuke. Fundi wetu alikuwa Saidi, fundi wa vitanda na milango, mtu hodari ambaye hakuwahi kuchonga mtumbwi maishani mwake. Tulipata gogo la mkuyu, tukachonga kwa kukisia, maana mimi vijiti vyako bado nilivihesabu kuwa mchezo. Tulipolimaliza tulilianika juani kama mihogo. Siku ya nne likafanya ufa kutoka mbele hadi nyuma, na mlio wake tuliusikia tukiwa jikoni.

Watu walitucheka, Mjomba. Mfugaji mmoja wa Kimasai, jirani yetu, alikuja akalizunguka mara mbili, akasema kwa dhati kabisa, "Hori zuri sana hili." Saidi aliziba ule ufa kwa udongo na lami, mfugaji akalichukua, na ng'ombe wake wananywea humo mpaka leo. Wanne kati yetu walijitoa kikundini wiki hiyo.

Kisha maji yakapungua. Saidi alikuwa anachota mchanga chini kidogo ya kivuko cha zamani, koleo likagonga mti. Akafukua kidogo, akaona ubavu uliochongwa. Alikuja mbio akiwa na koleo mkononi. "Dada Zaina, kuna mtumbwi mle! Mzima!"

Tulifukua siku mbili kwa majembe, sufuria na mikono. Ulipotokea ubavu wote nilipiga magoti, nikaufuta tope kwa upindo wa kanga. Nikaviona vijiti, Mjomba. Vidogo, vyeusi, vimepangwa kwa mstari kama ulivyovipanga. Nililia mpaka Saidi akadhani nimeumwa na nyoka. Nilipoweza kusema nilimwambia, "Hivi nilivikata mimi."

Na chini yake yalikuwapo mabati. Yameliwa na kutu, yamejikunja, lakini ni mabati, mengi, yamebanwa na tumbo la mtumbwi uliolala kifudifudi. Tuliupindua na kuukagua wote. Mvule ule ulikuwa mzito umeshiba maji, lakini hakuna ufa, Mjomba, mbele, nyuma wala chini. Ulipinduka mzima na kuzama mzima.

Nilikwenda mwenyewe kumwita Bi Tatu. Alikuwa hajasogelea mto ule kwa miaka ishirini na minane. Maji yake anachota kisimani ingawa kisima ni mbali. Nilimwambia tulichokiona. Akavaa viatu, akanifuata. Pale mtoni aliinama, akapitisha kiganja taratibu kwenye mtumbwi kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Alipofika mwisho akaanza tena.

"Hauna ufa," akasema.

"Hauna, bibi."

Akayatazama mabati. Kisha akasema, bila kumtazama mtu yeyote, "Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu. Yeye alitaka kuvusha kwa safari tatu. Nikamwambia mvua inakuja, yavushe yote mara moja. Sijawahi kulisema hili kwa mtu."

Nilishika mkono wake. Nikamwambia na mimi la kwangu, la pale shuleni, na vijiti, na neno nililolibakiza. Tulikuwa wanawake wawili tumekaa kwenye mchanga uliolowa, kila mmoja na mzigo wake wa miaka ishirini na minane. Mwisho alijifuta uso akasema, "Nimemchukia Mhina kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujichukia mwenyewe." Akasimama, akakung'uta kanga. "Ule mvule ulioangushwa na upepo shambani kwangu, Saidi aliniomba nikakataa. Njooni mkauchukue."

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Palepale shuleni, Mjomba. Nikasimama mbele ya watu nikasema kila kitu. Sikusema vizuri. Bi Tatu akasimama baada yangu naye akasema la kwake. Mwenyekiti wa sasa, ambaye siku zile alikuwa kijana tu aliyekaa nyuma, aliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba fundi Mhina hakuwa na kosa. Nilimwomba anisomee aliyoandika. Nikamwomba asome tena kwa sauti, na watu wote wakapiga makofi, na Mama akiwa kwenye kiti chake cha plastiki akapiga kigelegele kimoja kirefu, yeye ambaye daktari alimwambia asijichoshe.

Tulipata kibali cha ule mvule. Yule mfugaji wa hori akaleta maksai wake wanne wa kuvuta. Wajomba wa Saidi waliteremka kutoka Lushoto na misumeno yao. Watu wanaofanya kazi ya mkonge Mazinde walituletea kamba za katani nene kama mkono. Wale wanne waliojitoa walirudi, na hakuna aliyewauliza kitu. Mtumbwi wako tuliuweka pembeni ya gogo, tukawa tunapima kila kitu juu yake: upana wa tumbo, mwinuko wa mbele, mahali unapoanza kubana. Vijiti nilikata mimi. Kidole chako sina, lakini nilichomoa kijiti kimoja cha zamani nikakifanya kipimo. Nilimfundisha Saidi, na wale wasichana wawili wa kidato cha nne, ambao walikuja kila jioni na sasa wanashika tezo vizuri kuliko wanaume. Safari hii hatukuanika juani. Tuliufunika kwa majani mabichi chini ya kibanda, tukausubiri kama mzazi anavyosubiriwa atoke arobaini.

Siku ya kuushusha majini ukingo ulijaa watu, na ng'ambo nao wamejaa. Tulivaa maboya tuliyopewa na kanisa la mjini. Tulikuwa tumekubaliana kwamba wa kwanza kuvuka tutakuwa mimi na Saidi tu, ili tukizama tuzame mafundi. Nilikuwa nimeshaingia mguu mmoja niliposikia, "Nisogezeeni hilo boya."

Alikuwa Bi Tatu. Mwanawe mkubwa alimkimbilia, "Mama, ngoja kwanza wajaribu!" Akamjibu, "Nimengoja vya kutosha, mwanangu." Akaingia akiwa ameshika bega langu. Akakaa katikati, mgongo umenyooka, mikono imeshika pande zote mbili. Saidi akasukuma kwa upondo.

Mjomba, ulitulia juu ya maji kama jani. Katikati, pale mkondo unapovuta, mtumbwi ulijigeuza kidogo, Saidi akaukita upondo, ukanyooka. Bi Tatu alikuwa amefumba macho anasoma dua. Tulipogusa ng'ambo alifumbua, akakanyaga mchanga, akageuka kuutazama mto aliouvuka. Kisha akaanza kucheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Kelele zilizolipuka pande zote mbili za Ruvu sijui kama zilikufikia huko uliko, lakini zilistahili kukufikia.

Sasa tuna mitumbwi mitatu majini na wa nne unachongwa. Mpunga wa msimu huu umevuka wote. Wasichana hawakukosa mtihani. Vijiji viwili vya kule mto unakoelekea vimekuja kutuomba tuwafundishe, na mimi mshona sare watu wananiita fundi, na ninaitika. Mtumbwi wako tumeuweka chini ya paa pembeni ya kivuko. Saidi ameuandikia jina lako kwa chuma cha moto: MHINA.

Nisamehe, Mjomba. Nimeomba radhi mbele ya kijiji kizima, lakini anayestahili kuombwa ni wewe. Nilikuwa mtoto, ndiyo, ila nimekuwa mtu mzima kwa miaka mingi bila kusema, na kwa hiyo sina udhuru. Kama u mgonjwa, tuma neno tukufuate. Kama huwezi kurudi, tuma neno tu, tujue uko hai. Na kama umekwishapumzika, basi atakayesoma hii juu ya kaburi lako asome kwa sauti.

Mama anakusalimu, anasema chumba chako hakijapangishwa. Bi Tatu ameniuliza naandika nini tangu asubuhi. Nilipomwambia, akasema, "Mwambie kwamba nilivuka."

Nakuaga kwa leo. Shikamoo, Mjomba. Nasubiri marahaba yako.

Mpwa wako,
Zaina