Hukumpasisha Kabula Kindugu

Shemeji Nkwabi,

Mwangaluka. Nina miaka themanini na mbili. Nimeuona mwisho wa chama chetu cha ushirika cha pamba, nimezika ndugu zangu wote wa tumbo moja, na ng'ombe niliowazalisha kwa mikono yangu walikwisha zamani kwa ugonjwa wa ndigana. Mimi bado naenda shamba kwa miguu. Sasa nimekupita hata wewe, uliyekuwa ukiniita kizee wakati umri tumepishana kidogo tu. Shule niliishia darasa la pili, lakini barua hii naandika mwenyewe, na atakayecheka mwandiko alete jembe lake tulime tuone.

Naandika kwa sababu ya maneno ya msibani kwako, siku tulipokuzika. Pale Malampaka nilisikia watu wakisema, tena wamekalia viti tulivyokodi sisi, kwamba ulimpasisha binti yangu Kabula urubani kwa kuwa ni mtoto wa dada yako. Nilitaka kusimama, dada yako akanivuta koti. Basi nasemea hapa, mbele ya kila anayejua kusoma.

Unakumbuka miaka ile soko lilipofunguliwa, kila mwenye gunia akawa mnunuzi wa pamba, na wenye hela wakaanza kupanda vindege vidogo. Ukaacha kazi ya serikali, ukaenda kufundisha kwenye shule ya urubani ya mtu binafsi huko Mwanza. Ukawa unaleta wanafunzi kutua Bariadi, na mimi ndiye niliyefukuza ng'ombe uwanjani. Wengi walikuwa wangu, lakini hilo ulilinyamazia, asante.

Siku ile ulishuka na Kabula, naye mwanafunzi wako, umekunja uso. Kabula akaenda kunywa maji, ukanivuta pembeni.

"Shemeji, huyu mtoto umemharibu."

"Nimemharibu nini? Ana akili kukuzidi wewe."

"Ndiyo shida. Anajua kila kitu kwa mwili wake."

Nikakucheka. Sisi hata ukitaka mtu akupishe kwenye benchi unamwambia asogee dakama, yaani kusini, humwambii kulia wala kushoto. Kabula alichunga na mimi mbugani Shishiyu, na ukungu ukishuka ndiye aliyejua kiya, mashariki, ni wapi na ng'weli, magharibi, ni wapi, akatufikisha nyumbani. Mtoto wa namna hiyo nilimlea mimi, sikusaidiwa na mtu.

Hukucheka. Ukaniambia juu mawinguni mwili unadanganya, ndege inalala upande na mtu anaona amekaa sawa, na waliokufa hivyo wengi walikuwa na uhakika. Ukasema, "Ameshakosea mara nyingi. Akikosa leo namshusha, harudi tena. Siwezi kumzika mtoto wa dada yangu."

"Na mimi napanda," nikasema.

"Wewe? Utatapika."

"Tapika mwenyewe."

Ukanifunga mkanda kiti cha nyuma kama mzigo. Kabula ulimvalisha ile kofia ya ukingo mrefu, asione nje, aone saa za mbele yake tu. Ile moja uliyonionyesha ilikuwa na bluu juu na udongo chini, na kandege kadogo katikati. Tukapanda mpaka nyumba zikawa punje za mtama.

"Fumba macho, Kabula." Na mimi nikafumba, nishindane naye. Ukaizungusha ndege polepole, muda mrefu. Mimi nikaona tumenyooka kabisa. Ningeapa.

"Fumbua. Shika, ni yako."

Nilisikia injini ikipunguzwa sauti, halafu, shemeji, nikahisi tunalalia ng'weli, tunamwagika! Macho nimeyafumba, mikono imeshika kiti chako. Nikapiga kelele, "Kabula, unatuangusha! Rudisha kiya! Rudisha!"

Wewe ukamwachia usukani. Najua sasa ulikuwa unamngoja. Ndege ikatikisika kidogo, ikaanza kurudi nilikosema. Na yeye mwili wake ulikuwa unamwambia hayo hayo ya baba yake.

Halafu akasema, "Baba, nyamaza."

Hajawahi kuniambia hivyo, kabla wala baada. Kwetu mtoto hamwambii baba hivyo akabaki na meno. Nikanyamaza. Kabula akaifuata saa ile ya kandege, pua ikainuka taratibu, kifua kikanilemea. Nikafumbua macho. Nje ardhi ya Sola ilikuwa imelala tambarare, mashamba ya pamba meupe, bawa hili na bawa lile sawasawa. Mwili wangu bado ulikuwa unasema tumepinda. Mpaka leo nikikumbuka unasema hivyo, na mimi na mwili wangu hatubishani, ila siku ile ulikuwa chini ya Kabula.

Tulipotua alipiga magoti kwenye vumbi kuniomba radhi. Nikamwinua. Wazee walipoleta habari ya mbuzi wa faini niliwaambia huyo mbuzi nitachinja mimi, kwa furaha. Nimewasimulia watu wote wa Bariadi kwamba binti yangu alininyamazisha. Wewe uliandika tu kwamba amefaulu, ukala nyama, ukalala.

Sasa anabeba abiria, na akipita juu dada yako anatoka nje na ungo mkononi. Mimi sitoki, nasikiliza injini. Utani wako nimeukosa, shemeji. Hapa hakuna wa kuniambia nitatapika. Pumzika, na udongo wa Malampaka usikulemee.

Anayebisha aulize. Dada yako yupo, Kabula yupo. Kama hao ni wa nyumba yangu na hawatoshi, aende akamuulize Limbu, mwanao wa kumzaa, anayeuza dawa za pamba karibu na stesheni. Yeye naye alikuwa mwanafunzi wako, na wiki ile ile ulimkalisha kiti kile kile, akafumbua macho akafuata mwili wake, ukamshusha asirudi tena. Siku ya msiba alikaa nyuma yangu, akayasikia maneno yote. Akaniinamia sikioni: "Mzee, mbona mimi hakuna anayeniuliza?"

Muulizeni.

Mimi mume wa dada yako,
Bariadi