Redio Iliyoshika Vizuri Kuliko Zote

Mjukuu wangu Tumaini,

Hatujambo hapa Igawa, ingawa kifua cha babu yako hakijatulia. Umeuliza utufungie televisheni ipi: ya dishi, ya kebo au ya faiba.

Wakati wa vita ya Kagera nilikuwa msichana, na kaka yangu Yohana alikuwa askari huko. Baba alilinganisha redio zote za soko la Mwanjelwa, akaleta iliyoshika vizuri kuliko zote. Siku ilipotangaza ushindi, majirani walishangilia uani kwetu.

"Na Yohana?" mama aliuliza.

Baba aliongeza sauti. Ukapigwa muziki.

Yohana hakurudi, wala hakuna aliyetueleza. Mama aliisikiliza redio ile mpaka alipokufa.

Funga yoyote utakayoona inafaa. Lakini usitume fundi, mjukuu wangu. Njoo mwenyewe, nimechoka kungoja watu.

Bibi yako,
Sekela