Mwenyekiti wa Maganda ya Mgomba

Georgina, acha hizo nguo, soma kwanza.

Si unajua Aristides anatengeneza filamu ya enzi za ujamaa huku Muleba. Ameunda kikaragosi cha mwenyekiti wa kijiji: kichwa kibuyu, mwili maganda ya mgomba, koti la babu yake. Kakiketisha migombani, mwenyewe kajificha nyuma anavuta waya.

Bibi Ephrasia akapita. Macho yake unayajua, hayaoni vizuri.

Akapiga magoti. Akakipigia magoti kikaragosi, Georgina, akakipa kahawa ya kutafuna.

Badala ya kujitokeza, Aristides akavuta waya. Mkono ukapokea.

Bibi akasema, "Mwaka sabini na nne ulinihamisha. Nirudishie kibanja changu cha migomba."

Kikaragosi kikajibu, "Nimekurudishia, mama."

Bibi kaenda kuuita ukoo.

Na kwenye kibanja hicho ndipo ilipo nyumba ya baba yake Aristides.